Hukumu Iliyotangulia Kosa

Juzuu ya kumi na moja ilikuwa bado ina joto nilipoitoa rafuni. Vitabu hivi hupata joto alfajiri, wino unapojipanga upya kwenye kurasa, na wakili anayewahi ofisini anaweza kupashia mikono kabla ya kuanza kazi. Njombe ni baridi, bwana. Sioni haya kusema kwamba nimekwisha kuikumbatia sheria ya jinai kifuani kama chupa ya maji ya moto.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, nilikuwa natafuta kitu cha kumwokoa Imelda Sanga, na matumaini yalikuwa yamekaribia kuniisha. Imelda ni mkunga wa zahanati ya kijijini, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa. Siku moja Tabibu, yaani kile chombo cha ukutani ambacho sasa ndicho kinachoamua mgonjwa apewe nini na lini, alimwambia asubiri. Mbele yake alikuwa na mzazi anayebadilika rangi. Imelda hakusubiri. Aliingiza mkono, akamtoa mtoto, mtoto akalia. Mama yake akafia kwenye gari la wagonjwa. Sheria ya Vyombo inasema anayemkaidi Tabibu na mgonjwa akafa, ameua, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Kama mama yule angekufa vilevile iwapo Imelda angekaa amekunja mikono, hilo sheria haiulizi. Ilitungwa na watu wenye haraka.

Basi nilikuwa napekua kurasa kwa mazoea tu, nikafika mahali ambapo jana yake palikuwa na kesi ya wizi wa miche ya parachichi. Wizi ulikuwa umesogezwa mbele. Palipokuwa pake palikaa kichwa kipya: *Jamhuri dhidi ya Veronika Kihongosi*.

“Mhudumu wa afya ana macho kabla ya kuwa na chombo,” ilisema hukumu hiyo. “Anayekikaidi chombo kwa nia njema, kwa sababu ya alichokiona kwa macho yake, hana hatia hata mgonjwa akifa. Na anayekitii chombo huku akiona kwamba kinakosea, huyo ndiye muuaji.”

Nilipiga kigelegele. Peke yangu, ofisini, nikiwa na koti la baridi na soksi mbili kila mguu. Nilisoma tena sentensi ya kwanza, ikawa kama imeandikwa na mtu aliyemjua Imelda. Nusu ya pili niliipitia harakaharaka, kwa sababu haikuwa inamhusu mteja wangu. Ilimhusu huyo Veronika, muuza dawa wa Makambako, ambaye alimpa mtoto D.M. dozi aliyoamriwa na Tabibu huku akiona wazi kwamba ni kubwa mno. Alifungwa maisha. Nikasema pole yake, nikachukua kalamu ninakili tarehe.

Tulikuwa mwezi wa Februari. Hukumu ilisema imesomwa Novemba ya mwaka huohuo. Mtoto D.M. alikuwa amekufa mwezi wa Mei.

Mei ipi? Niliangalia kalenda ukutani kana kwamba ndiyo iliyokosea.

Niwaeleze wasio wa kazi hii, ili mjue kwa nini sikucheka. Kulikuwa na enzi ambayo mawakili walikwenda mahakamani na kesi walizotungiwa na simu zao, kesi zenye majina mazuri na majaji wa heshima ambazo hazikuwahi kutokea popote. Majaji walichoka, Bunge likachoka, ikatungwa Sheria ya Marejeo: mahakamani hakisomwi chochote ila kilichomo ndani ya Juzuu Hai. Kifungu chake cha mwisho kinasema kwamba hautapokelewa ushahidi wowote wa nje kuonyesha kwamba Juzuu imekosea. Tulishangilia kifungu kile, mimi nikiwemo. Tulidhani tumeufungia uongo nje ya mlango.

*

Japheti Chaula nilisoma naye chuo. Alikuwa hodari wa kunakili kazi za wenzake, kwa hiyo haikunishangaza alipoishia kuwa mwakilishi wa Nyumba ya Juzuu katika mji wetu, na ofisi yenye hita na zulia. Nilimwekea juzuu mezani, nikaifungua.

“Chaula, kesi hii haijatokea.”

Alivaa miwani, akasoma, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mwanawe. “Nzuri, eh?”

“Tarehe yake haijafika.”

“Ndiyo. Imetangulia kidogo.”

“Imetangulia? Chaula, huyo mtoto anayesemwa kafa, hivi sasa yuko mahali fulani anakula uji!”

“Kaa kwanza, bibie. Unapiga kelele kama uko kortini.” Alinimiminia chai, nikakataa, akainywa yeye. “Mnakumbuka mlivyokuwa mnalalamika? Hukumu inasomwa leo, nakala mnapata miaka mingapi baadaye? Mhariri akaruhusiwa kuichukua hukumu pale jaji anapoisoma. Mkafurahi. Halafu akaruhusiwa kuichukua ikiwa bado rasimu mezani kwa jaji. Mkafurahi zaidi. Halafu ikaonekana hata rasimu haihitajiki. Akishapitia mwenendo wa shauri, anajua jaji atasema nini. Akawa hakosei. Hakuna wakili aliyekuja hapa kulalamika.”

Mhariri, kwa asiyejua, si mtu. Ni ile mitambo inayopanga wino katika kila seti ya Juzuu nchini, ya kwangu na ya jaji na ya wakili wa Serikali, kwa wakati mmoja, neno kwa neno.

“Na sasa hahitaji hata kosa,” nilisema.

“Sasa anaisoma nchi.” Chaula alilisema hilo kwa fahari ya kweli. “Nani anauza dawa wapi, chombo kipi kina hitilafu, nani ana tabia ya kutii na nani ya kubisha. Anaona sheria ina pengo mahali. Anaona ni shauri lipi litakaloliziba, analiandika. Wewe ulikuwa na pengo, sivyo? Umekuwa ukipekua kurasa za wakunga tangu mwaka jana.”

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kitabu kinajua kinafunguliwa wapi.

“Nisipoisoma mahakamani?”

“Wino unanyauka. Kesi isiyosomwa na mtu mpaka kikao kifungwe inafutika, basi, hakuna aliyeumia. Mhariri hana muhuri, Fausta. Muhuri ni wenu. Wakili mmoja aisome, wa pili asiweke pingamizi, jaji agonge. Hapo ndipo inakuwa sheria, na kila amri iliyomo inatekelezwa. Sisi huku tunachapa tu.”

“Na huyu Veronika?”

“Ikishagongwa muhuri, ameshahukumiwa.”

“Hajafanya kitu!”

“Utathibitishaje? Kwa ushahidi wa nje ya Juzuu?” Alikifunga kitabu taratibu, akanisogezea. “Ile tarehe wataiita kosa la uchapaji. Ndivyo wanavyoiita siku zote.”

“Siku zote?”

Chaula alivua miwani akaanza kuipangusa kwa ncha ya tai, akaendelea kuipangusa mpaka nikaondoka.

*

Nilikwenda Makambako nikijidanganya kwamba nakwenda kuhakikisha kama mtu huyo yupo. Ukweli ni kwamba nilitaka awe mbaya. Nilitaka nimkute mkali, mwenye kuwafokea wagonjwa, mtu ambaye ningeweza kumtoa sadaka nikalala usingizi.

Duka lake la dawa lilikuwa karibu na njia panda, na watu walikuwa wanatoka humo wakicheka. Veronika Kihongosi alikuwa mnene, mwenye pengo la meno ya mbele na kilemba cha njano, na alikuwa anamtania mzee mmoja kwamba akiendelea kumeza vidonge kwa pombe atamrudishia mkewe maiti yenye furaha. Nilimchukia kwa jinsi nilivyompenda papo hapo.

“Karibu, dada yangu. Unaumwa nini?”

“Kikohozi,” nilisema. Ndicho kilichonijia.

Alinielekeza nisimame mbele ya Tabibu. Kioo kikanimulika kifua, kikatoa jina la dawa na kipimo. Veronika akanyoosha mkono rafuni kabla maandishi hayajakamilika, akafungasha. Hakuniuliza hata kama nakohoa kweli.

“Humbishii kamwe?” nilimuuliza.

“Nani, Tabibu?” Alishtuka, akaangalia kioo kama mtu anayehofia kusikiwa, halafu akaniinamia. “Zamani nilikuwa nabisha. Nilisomea kazi hii, dada, kichwa changu kinafanya kazi. Lakini si umesikia ya yule mkunga wa huko Njombe? Alibisha mara moja tu. Mara moja! Sasa yuko mahabusu. Tangu siku ile mimi nikaapa: akisema toa, natoa. Nina mama yangu mgonjwa wa kiharusi ndani humo, nani atamgeuza kitandani nikifungwa?”

Nilishika kaunta. Imelda alikuwa ndani kwa sababu alibisha, na Veronika alikuwa anatii kwa sababu Imelda yuko ndani, na kutii huko ndiko kungemuua mtoto, na kifo hicho ndicho kingemtoa Imelda. Mhariri alikuwa ameliona lote hilo kutoka huko aliko, akalipanga vizuri, akaliweka kwenye ukurasa wangu.

“Siku moja kitakosea,” nilimwambia. “Utaona kwa macho yako kwamba kimekosea. Mtoto mdogo, dozi kubwa. Siku hiyo usikitii. Tafadhali.”

“Halafu nifungwe?” Alicheka, lakini macho yalikuwa yananikagua. “Wewe ni mkaguzi?”

“Hapana.”

“Basi nenda kanywe dawa yako, dada. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni.”

*

Imelda aliletwa kwenye chumba cha mahabusu cha kuonana na mawakili. Alikuwa amepungua, ile mikono tu ndiyo iliyokuwa vilevile. Kuna mawakili ambao wangemficha. Mimi nilimweleza yote: hukumu, tarehe, Mhariri, duka la Makambako, mama mwenye kiharusi. Nilidhani atasema acha, mwanangu, sitaki kutoka kwa mgongo wa mwenzangu. Nimesoma hadithi nyingi mno.

“Kwa hiyo kitabu kinanitoa,” alisema.

“Kinakutoa.”

“Na wewe hutaki kukisoma.”

“Sijasema sitaki, mama. Nasema kwamba huyo mwanamke hajafanya kosa lolote.”

“Na mimi nimefanya?”

Mlinzi mlangoni alikuwa anatafuna karanga.

“Nikueleze kitu cha kazi yangu,” alisema Imelda. “Ukiwa na mzazi mbele yako, kuna wengine kumi nje wanasubiri. Wengine wako majumbani, wengine wako njiani. Wote ni watu. Lakini ukianza kuwafikiria hao, mkono unatetemeka na huyu wa mbele yako anakufa. Siku ile sikuuliza nini kitampata nani. Nilimshika aliyekuwa mbele yangu.” Aliniwekea kiganja juu ya mkono wangu, kikaufunika wote. “Mbele yako nipo mimi, mwanangu. Huyo Veronika ni wa wakili mwingine.”

“Hana wakili. Hajui kama anamhitaji.”

“Mimi ninamjua wa kwangu. Ni wewe.”

Nilipitisha karibu nusu ya maisha yangu nikiwaambia watu maneno hayohayo, kwamba wakili ana mteja mmoja tu duniani na wengine wote ni wa kusalimiwa. Yakiwa yametoka kwake niliyaona ni ya kweli kabisa, na yalinitisha.

“Nitaangalia,” nilimwambia. Akaondoa mkono wake, akauweka mapajani.

*

Siku ya hoja za mwisho ukungu ulikuwa umeingia mpaka kwenye korido za mahakama. Benaya Luoga, wakili wa Serikali, alikuwa amesimama dirishani akijifunga joho. Luoga ni wa kizazi cha zamani, mrefu, mwenye kutembea na penseli nyuma ya sikio. Ana desturi moja ambayo wengi wetu tumeiacha: akikuta rejea inayomsaidia mpinzani wake, anaisimamia mwenyewe na kuitaja mbele ya jaji, kwa sababu wakili, anavyosema, ni mtumishi wa mahakama kwanza na wa mteja baadaye. Tulifundishwa wote hivyo. Yeye ndiye anayefanya. Kwa tabia hiyo amepoteza kesi ambazo angeshinda, na kila mtu anamheshimu.

“Habari za asubuhi, dada Fausta. Umejiandaa?”

“Nimejiandaa, kaka Benaya.”

Hakusema zaidi, nami nikashusha pumzi. Nilijiambia macho yake yamechoka, hasomi tena kurasa mpya kila asubuhi.

Nilikuwa nimeamua. Nilifikia uamuzi ule jikoni kwangu, nikiosha vyombo, na nikalia juu yake: sitaisoma. Ningepigana kwa kila kitu kingine. Kama Imelda angefungwa, angefungwa na sheria mbaya ambayo tungeweza kuipinga kesho na keshokutwa, kwa rufaa, kwa kelele, kwa magazeti. Veronika angefungwa na kitabu, na kitabu hakina rufaa. Nililiona hilo kuwa sahihi. Bado naliona hivyo.

Nilisimama mbele ya Jaji Mwinchande nikasema yote niliyokuwa nayo isipokuwa hilo moja. Nilizungumza juu ya damu, juu ya muda, juu ya mtoto ambaye yu hai. Nilinukuu kesi za zamani zenye vumbi. Jaji alikuwa anaandika, halafu akaacha kuandika, na wakili yeyote anajua maana yake. Nilipomaliza nilimwangalia Imelda kizimbani. Alikuwa ananitazama bila hasira. Alikuwa amehesabu nilichosema na kujua nilichoacha.

Niliketi. Luoga akasimama.

“Mheshimiwa Jaji, hoja za upande wa mashtaka ziko mbele yako, sitazirudia,” alisema. “Lakini nina wajibu ambao si mwepesi. Nimekutana na hukumu ambayo wakili msomi mwenzangu, kwa shughuli nyingi, naona imempita. Inaumiza upande wangu. Hata hivyo mahakama hii lazima iione. Juzuu ya kumi na moja, *Jamhuri dhidi ya Veronika Kihongosi*.”

Nilisikia kurasa zikifunuliwa juu ya meza ya jaji.

“Ninaiona,” alisema Jaji Mwinchande. Alisoma kimya. Uso wake ulilegea, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Hakuwa ametaka kumfunga yule mkunga. “Ndiyo. Ndiyo, hii inajibu suala zima. Tarehe hii vipi, wakili msomi?”

“Kosa la uchapaji, Mheshimiwa. Nimelirekebisha kwenye nakala yangu.” Luoga aligusa penseli yake.

“Nami nitalirekebisha.” Jaji alichukua penseli, akaandika kidogo pembeni mwa ukurasa, akapuliza. Kwa namna hiyo mtoto D.M. akawa amekufa mwaka jana. “Wakili msomi Mligo,” aliniambia, “una pingamizi?”

Karani alitabasamu. Nani anaweka pingamizi dhidi ya zawadi? Lilikuwa swali la desturi, na jibu lake huwa linaandikwa kabla halijatoka mdomoni.

Pingamizi langu lingetosha. Kanuni ni hiyo: upande mmoja ukikataa, hata bila kutoa sababu, muhuri haugongwi katika kikao kile, na kikao kilikuwa kinafungwa siku hiyo. Neno moja, wino ungenyauka kabla ya jioni, na mwanamke mwenye kilemba cha njano angeendelea kutania wazee asijue lolote.

Nilisimama. Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Lakini kunyamaza ni jambo moja, ndugu zangu, na kusimama ni lingine. Asubuhi nilikuwa nimenyamaza na kumwacha Imelda azame mwenyewe, na niliweza. Sasa alikuwa ameshika ukingo, kashikwa mkono na mtu mwingine, na mimi wakili wake nilitakiwa nimbandue vidole mbele ya watu, akiniangalia. Niliutafuta moyo wa kufanya hivyo, sikuupata. Si kwamba nilibadili mawazo. Nilikuwa najua vizuri kabisa lipi ni sahihi.

“Sina pingamizi, Mheshimiwa.”

Muhuri uligonga mara moja. Haukuwa na sauti kubwa.

Imelda aliachiwa papo hapo. Ndugu zake waliruka viti, mtu akaanza wimbo wa kanisani, askari wakajifanya hawasikii. Luoga alinipa mkono, mkavu na wenye nguvu. “Hongera, dada Fausta. Ilikuponyoka, eh? Hutokea hata kwa wazuri.” Alikuwa na furaha safi ya mtu aliyefanya haki kwa kujiumiza. Ningemwambia nini? Hakuwa amekosea hata kanuni moja.

Imelda alinivuta pembeni ya kelele. Aliushika uso wangu kwa mikono yote miwili, kama anavyowashika watoto waliotoka sasa hivi.

“Kwangu umemaliza,” alisema. “Nenda kwake.”

*

Amri za hukumu yenye muhuri huenda zenyewe polisi, hakuna haja ya mtu kuzibeba. Nilijua hivyo nilipokuwa naendesha kuelekea Makambako na wipa zikisukuma mvua. Nilijua pia kwamba siwezi kumtetea mahakamani, maana kila nitakalosema litakuwa la nje ya Juzuu. Wazo jipya lilinijia barabarani na sikuweza kulifukuza: Mei Veronika hatakuwepo dukani. Hatakuwepo wa kutoa ile dozi. Mtoto D.M. ataishi, atakua, ataanza shule, na Veronika atakuwa gerezani anatumikia kifo chake.

Duka lilikuwa wazi. Alikuwa anafuta kaunta, kilemba leo ni cha kijani. Alinitambua kabla sijafunga mwavuli.

“Dada wa kikohozi! Kimepona?”

“Veronika, funga duka.”

“Nifunge, saa hizi? Una nini wewe?”

“Mwite jirani unayemwamini aje akae na mama yako. Chukua nguo za baridi. Polisi wanakuja.”

“Wanakuja kwa nani?”

“Kwako.”

Alicheka, lile pengo likaonekana, halafu aliona uso wangu na kicheko kikamwishia. Aliangalia rafu zake, droo zake, kioo cha Tabibu ukutani, akitafuta haraka kwenye kumbukumbu zake kosa lolote, hata dogo.

“Mbona sijakiuka kitu? Kila kinachosemwa hapa nakifuata. Dada, nimefanya nini?”

“Bado,” nilisema. “Bado hujafanya.”

Hakuelewa. Nilimweleza kwa maneno mafupi, kwa kuwa nje gari lilikuwa linakuja taratibu likisoma namba za maduka. Nilimwambia kuna hukumu yenye jina lake, imepigwa muhuri leo huko Njombe, na ilipopigwa mimi nilikuwa ndani ya mahakama, na kwamba neno langu moja lingetosha kuizuia. Nilimwambia jaji aliniuliza kama nina pingamizi.

Veronika aliweka kitambaa chini. Kutoka chumba cha nyuma sauti nzito ya mgonjwa ilimwita kwa jina la utotoni, hakuitika. Taa za gari ziliingia dukani zikapita juu ya chupa.

“Ukasemaje?” aliniuliza.